Bushi Kuukuu za Pijo

Bushi zilikuwa mpya, hazijatimiza hata wiki, na Imad alikuwa akizitoa.

Alilala chali chini ya Pijo la babake, uani kwao Mtongwe. Jeki ilikuwa imelinyanyua gari upande mmoja, na gogo la mnazi likawekwa chini yake kwa usalama. Pembeni, ndani ya mkebe wa samli, zilimngoja zile bushi kuukuu alizozitupa Jumamosi, pete za mpira na chuma zinazoshikilia magurudumu, mpira umepasuka na chuma kimeliwa na kutu. Ilibidi aende jaani mwenyewe kuzichakura. Ungemwona mtu mzima kapiga magoti kwenye taka, ungedhani kapoteza pete ya dhahabu.

Waleed, jirani aliyemsaidia kuzifunga zile mpya, alisimama akamtazama kwa muda.

"Zina kasoro?"

"Hazina."

"Jumamosi nzima tulishinda hapa, mimi na wewe. Gari likawa kimya, latambaa kama maji. Leo warudisha mabovu?"

"Narudisha."

"Gurudumu litakuja kukutupa mtaroni, Imad."

"Siendi mbali. Mpaka kwenye kona, kisha narudi."

Waleed alitikisa kichwa. Alijua nyumba ile ina dhiki yake, lakini hakujua kwamba dhiki humfanya mtu aharibu kitu kizima kwa mikono yake mwenyewe.

Nyuma ya pazia la dirisha ikatoka sauti nyembamba ya Bi Zubeda.

"Imad."

"Naam, mama."

"Babako hajaja?"

"Bado, mama."

Pazia likasogea kidogo. "Kama yuko kwa yule mwanamke wake wa Kiembeni, nambia tu. Sitagomba. Umri wangu huu si wa kugombea mume."

Imad alifumba macho. Vumbi la kutu lilimwangukia usoni, asilifute.

"Kula kwanza, mama."

"Nile na nani?"

Hilo ndilo lililokuwa likimkata maini. Mpaka Ijumaa Bi Zubeda alikuwa akila vizuri. Tangu Jumamosi hakutia kitu tumboni ila maji na tende moja ya kulazimishwa. Miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kuonja chakula cha jioni kabla mumewe hajakaa mkekani, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Mwanasaumu, mke wa Waleed, ndiye aliyekuwa akiwapikia. Jioni huileta sahani, na asubuhi huichukua kama alivyoileta. Daktari alikuja, akampima, akasema ugonjwa haoni, ila kwa hali hii bibi hatafika mbali. Macho yake yalikuwa yameshafunikwa na ukungu zamani, na sasa mashavu nayo yalikuwa yamebonyea. Usiku Imad alikuwa akisimama mlangoni pake kusikiliza kama bado anapumua.

Nyakati nyingine alimwonea babake hasira, kwa kuondoka na kumwachia yeye kazi ya kujibu. Kisha aliona haya.

Waleed alichutama karibu na gurudumu, akashusha sauti.

"Mwambie ukweli. Ni mtu mzima, atastahamili."

"Nilimwambia. Alilia kutwa, na asubuhi yake akaniuliza vilevile, babako yuwapi. Wallahi siwezi tena."

Waleed alikunja mikono ya shati, akachukua spana.

Walifanya kazi pamoja. Zile mpya zilitoka kwa shida, kama zinazojua kwamba zinaonewa. Zile kuukuu waliziingiza kwa jiliwa na kipande cha bomba, wakazipaka maji ya sabuni ingawa hazikuhitaji, maana zilikuwa zimelegea zikiingia kwa wepesi. Bolti za mwisho Imad hakuzikaza mpaka gari lilipoteremka likakaa kwa magurudumu yake. Bushi ikikazwa gari likiwa hewani hujipinda ikafa mapema. Hizi zilikuwa zimeshakufa, lakini alizifuatishia utaratibu uleule aliofundishwa na babake.

Mwanasaumu alileta wali na mchuzi wa papa, akaviacha chini ya kawa. Baada ya Magharibi Imad alinawa grisi, akabadili shati, akalitoa Pijo polepole mpaka kwenye kona. Akageuza.

Kwenye shimo la kwanza la kichochoroni gari likagonga: ko, ko. Kwenye la pili likagonga tena, kwa ile kelele ambayo mtaa mzima ulishukuru ilipokwisha. Mtoto mmoja akacheka. Imad hakulikwepa shimo hata moja.

Alipofika uani, taa ya ukumbini ilikuwa imewashwa, na sauti ya Bi Zubeda ilitoka dirishani ikiwa na nguvu ambayo hakuwa ameisikia tangu Ijumaa.

"Huyo babako kaja. Imad, tandika mkeka."

Imad alizima injini. Kisha akafungua kisanduku cha mbele, akatoa kofia ya vito iliyodariziwa, ya marehemu babake, akaivaa, akakohoa mara mbili mlangoni kama alivyokuwa akifanya yeye mwenyewe kila jioni tangu mazishi mpaka Ijumaa, gari lilipokuwa bado likigonga.

Bi Zubeda alikuwa ameshafunua kawa. Alipapasa ukingo wa ile kofia, akatabasamu, akamega tonge lake la kwanza.

"Na Imad yuwapi? Asije akalala na njaa."

"Katoka," alijibu Imad kwa sauti nzito, akakaa mahali pa babake.