Michirizi ya Saa Mbili

"Wakazi wa ngazi ya C wanatangaziwa kwamba mashine ya kufyonza vumbi ya familia ya Roloff, ghorofa ya pili, inatia michirizi kwenye televisheni za wakazi wengine. Mashine hiyo itajadiliwa Jumatano na kutengenezwa Ijumaa."

Tangazo lilibandikwa mlangoni, chini ya zamu za kufagia ngazi, na lilikuwa na mhuri. Eckart Roloff alilisoma akiwa bado na koti la kazini, akapanda kumweleza mkewe. Kwanza aliwasha mashine yenyewe, akaiburuta hadi karibu na ukuta. Kisha akainamia sikio la Sieglinde.

"Wanataka kuitengeneza."

"Wakiitengeneza, tumekwisha," alisema Sieglinde.

Mwaka uliopita kaka yake Sieglinde alikwenda Vienna na kwaya ya kiwanda, akaimba vizuri, asirudi tena Ujerumani Mashariki. Muda si mrefu wakaja watu wawili kukagua mita ya umeme, wamevaa viatu vizuri mno kwa kazi hiyo. Tangu siku hiyo Eckart hakuwa na shaka kwamba mahali fulani ukutani mwao kulikuwa na kinasa sauti.

Alikuwa fundi wa mota katika kiwanda cha winchi, Magdeburg. Alifungua mashine yao ya zamani, akakata waya wa kapasita, kile kidude kidogo kinachozuia mota isichafue mawimbi ya redio. Kuanzia hapo kila ilipowashwa, hewa ya ngazi nzima ilijaa mkwaruzo, na chochote kilichokuwa ukutani, kwa hesabu ya Eckart, kilisikia mkwaruzo huohuo. Ndani ya ngurumo hiyo mume na mke walipanga safari: likizo ya hema Hungaria mwezi Julai, ambayo walikuwa wameiombea kibali, kisha msitu wa mpakani, kisha Austria. Kazini kulikuwa na watu. Bustanini kulikuwa na watu. Kuandika hawakuthubutu, kwa kuwa walijua nchi yao ilivyopenda kusoma.

Jumatano Bi Knauth, mwenyekiti wa kamati ya nyumba, alifungua kikao katika chumba cha kufulia.

"Ndugu Roloff, mkeo anafyonza nini kila jioni? Mnafuga kondoo humo ndani?"

Watu wakacheka.

"Vumbi linamdhuru, Bi Knauth."

"Basi afyonze asubuhi kama binadamu wengine! Saa mbili kamili, taarifa ya habari ndiyo kwanza inaanza, mtangazaji anageuka pundamilia!"

Kicheko kikakatika. Taarifa ya habari ya taifa ilianza saa moja na nusu, na saa mbili ilikuwa imekwisha. Iliyoanza saa mbili ilikuwa ya Magharibi, ng'ambo ya mpaka, ambayo kuitazama kulikuwa mwiko, na kwa hiyo hakuna mtu chumbani mle aliyewahi kuitazama. Eckart angeweza kulitaja hilo, na shauri lingefia hapohapo kwenye mabeseni. Lakini kulitaja kungekuwa kukiri kwamba naye anajua. Akatazama mabomba, kama walivyofanya wenzake wote. Ukarabati ukapitishwa kwa kauli moja.

Ijumaa akaja Mattausch, fundi wa idara inayoshughulikia mwingiliano wa mawimbi, mtu mnene mchangamfu. Aliomba kahawa kabla ya kutoa bisibisi.

"Hii mashine ni kongwe kuliko Jamhuri yenyewe," alisema, "na bado inanguruma."

"Jamhuri pia inanguruma vizuri, ndugu fundi," alisema Sieglinde, kwa sauti ya juu kidogo, akiuelekea ukuta.

Mattausch aliichomoa kapasita, akaiinua penye mwanga wa dirisha.

"Ajabu. Haijaungua. Waya umekatwa."

"Labda panya," alisema Eckart.

"Panya mwenye koleo!" Mattausch alicheka hadi kahawa ikamwagika kwenye kisahani. "Kweli nchi hii imesomesha kila mtu."

Alilehemu kapasita mpya, ya zamani akaitia mfukoni. Alipoiwasha mashine, redio ya jikoni iliendelea kuimba safi, bila mkwaruzo hata mmoja.

"Haya, mama, fyonza upendavyo. Hakuna atakayejua."

Jioni ile Sieglinde aliisogeza mashine ukutani kwa mazoea. Alipofungua kinywa, Eckart alikiziba kwa kiganja chake, na kupitia ngurumo ile isiyo na faida akamsikia akilia. Walizima. Wakaketi mezani, wakazungumza kwa sauti ya kueleweka kuhusu viazi, matango ya siki na juhudi za kamati ya nyumba. Kesho yake wakazungumza tena kuhusu viazi. Kuhusu Julai hawakusema neno, wala kuhusu msitu; na kila mmoja, akimwona mwenzake akimenya kiazi kwa utulivu, alianza kujiuliza kama mwenzake bado anataka kwenda.

Jumatatu, katika ofisi ya usalama wa taifa isiyo na kibao mlangoni, kapasita ya zamani iliwekwa juu ya meza, na mtumishi akatumwa kuleta jalada la familia ya Roloff. Alirudi mikono mitupu: jalada halikuwepo, na halikuwahi kuwepo. Wakaguzi wa mita walikuwa wakaguzi wa mita.

Ikaamuliwa kwamba jalada lifunguliwe, kwamba kinasa sauti kiwekwe kwa mara ya kwanza ukutani mwa familia hiyo, na kwamba ombi lao la likizo ya Hungaria lisishughulikiwe hadi watakaposikika wakieleza wanachoficha.