Sare Kumi na Saba

Picha ya gazetini uliiona, usibishe. Wanawake kumi na saba wa kiwanda cha nguo, kila mmoja ameinua sare mpya kifuani, meneja katikati yao kama bwana harusi. Ukasema, "Akina mama hawa wana moyo," ukafungua ukurasa wa mpira. Uligeuza uso. Sasa kaa usikilize.

Aliyelianzisha jambo lile walimwita Bi Pindo, maana kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa moja tu: kupinda mashati. Pindo la chini, pindo la mkono, shati baada ya shati, hata macho yakaanza kumsaliti. Nyumbani alikuwa analea binti wa marehemu kaka yake, mtoto wa miaka kumi na mitatu ambaye muhula wa pili huu alikuwa anafagia ua wenzake wakipita kwenda shule. Sare hana. Kaka mtu, siku zake za mwisho, alimshika mkono akamwambia, "Dada, mwanangu asije akakalia mashine."

Bi Pindo akaapa. Mgongo wake mwenyewe ulikuwa shahidi.

Basi siku moja, wakati wa mapumziko, akagonga kikombe mezani. "Jamani! Tunaivisha dunia nzima, na mabinti wa mtaa wetu wamekaa nyumbani kwa kukosa kitambaa. Jumamosi hatuna kazi. Tujitolee tuwashonee." Kumi na sita wakanyoosha mikono. Yeye wa kumi na saba.

Akamwendea meneja kuomba vipande vya kutupa. Meneja hakumwacha amalize. Akatoa jora zima, akatoa na kiolezo cha sare, kimekatwa tayari hukohuko ofisini. "Kutoa ni moyo, mama," akasema, mkono kifuani. Mtu yuleyule aliyekitia kufuli choo cha wanawake, mwaka ule wa oda kubwa, ili wasipoteze dakika! Lakini mwenye shida hana kumbukumbu ndefu. Ndefu ninayo mimi.

Walishona Jumamosi nne. Jirani yake wa mashine, aliyeitwa Redio kwa kuwa hakuzaliwa na kitufe cha kuzimia, akageuza sare moja huku na huku.

"Mbona haina mfuko? Mtoto penseli ataiweka wapi, sikioni kama seremala?"

"Shona, wewe."

"Na mikono hii ya kubana mpira? Wanakwenda kusoma au kurina asali?"

Karakana nzima ikaangua kicheko. "Cha kupewa hakichaguliwi, mwenzangu," akasema Bi Pindo, naye akifuta machozi ya kicheko.

Kisha ofisi ikataka vipimo vya watoto. Urefu, kiuno, hayo sawa. Ila ikataka pia kimo cha kila mmoja akiwa ameketi, kutoka kitini hadi kwenye kiwiko.

"Cha nini hicho?" Redio akauliza.

Cha madawati, ofisi ikajibu. Madawati mapya! Safari hii machozi ya Bi Pindo hayakuwa ya kicheko. Akampima binti wa kaka yake wa kwanza, kwa uangalifu wa mtu anayepima shela, akaandika jina lake juu kabisa ya orodha.

Meneja alisema shule imeshapatikana, iko ng'ambo ya mji, wataanza Jumatatu. Tatizo ni njia. Watoto hawawezi kutembea mwendo ule, na basi la wafanyakazi ni moja tu. Akakuna kichwa. Akangoja.

"Sisi tutatembea," Bi Pindo akasema.

Ndiyo siku mliyopigiwa ile picha.

Jumatatu asubuhi alimpigia mtoto pasi, akamfunga nywele, akamtia daftari mkononi. "Ukifika kaa mbele. Macho ubaoni. Mwalimu akiuliza, usione haya."

"Na nisipojua, shangazi?"

"Sema hujui. Ndiyo maana unakwenda."

Wasichana kumi na saba wakapanda basi, wamependeza kama vifaranga. Akina mama wakapunga mikono hata basi likapotea, kisha wakavua viatu na kushika njia. Saa nzima na ushei kwa mguu. Redio akasema magoti yake nayo yanataka kupelekwa shule, hayajui kukunjika. Wakacheka, wakaimba, jasho likawatoka. Bi Pindo hakulisikia jua. Moyoni alikuwa akizungumza na kaka yake.

Walipoingia uani mwa kiwanda wakasikia mashine zinanguruma. Wakatazamana. Nani tena amewawahi, na basi liko shuleni?

Bi Pindo akatangulia. Akapita safu ya kwanza, akapita ya pili. Viti vyote vilikuwa vimeongezwa kimo, kwa vipimo vilevile vya kiwiko. Nyuma yake Redio akaanza kuhesabu sare zilizoinamia mashine: kumi na saba.

Penye mashine ya pindo, mtoto aliinua kichwa. Mguu wake ulikuwa bado uko kwenye kanyagio.

"Shangazi, ni kweli mmejitolea kutuachia nafasi zenu?"

Basi limeshageuza, linakwenda kuchukua wengine. Inuka, kasimame mbele ya basi hilo.