Sentensi ya Mlango wa Nyuma

"Tena," msimamizi alisema, akigonga meza ya pasi kwa rula. "Kwanza mtu, kisha kitenzi. We are happy."

Mafundi wote wakaitikia kwamba wana furaha. Msichana wa kushona vifungo alichezesha midomo tu. Juma lililopita pasi iliunguza vitambaa, moshi ukatanda, na mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli kama siku zote, eti wasiibe mashati. Fundi mkongwe, ambaye karakana nzima ilimwita Shangazi, alitolewa kwa mlango wa mbele akiwa amebebwa kama gunia.

Sasa mgeni kutoka ng'ambo, wa kampuni inayonunua mashati, alikuwa anakuja kukagua. Kila mchana walikaririshwa Kiingereza cha kumjibu. We work. We rest. Msichana aliuliza, kwa sauti ndogo, kufunga mlango kunasemwaje.

"Wewe shona vifungo," msimamizi alisema. "Ya milango hayakuhusu."

Jioni msichana akamuuliza mpwa wake anayesoma. Shule yeye aliiachia njiani na ulimi ulikuwa mzito, lakini alimenya vitunguu akisema lock, akafua akisema locked. Kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa na sentensi kamili.

Mgeni alikuja, mama mrefu mwenye miwani. Msimamizi alimtembeza kwa Kiingereza, na katikati aliwatupia mafundi Kiswahili kwa sauti ya asali, kama anayewasifu.

"Chekeni, mbona kama mmefiwa? Huyu twiga hakai sana."

Mgeni akakohoa kidogo, akafuta miwani.

Mgeni alipoinamia shati, msimamizi alikumbuka kufuli. Akalichomoa mlangoni haraka, akalisukuma kitini kwa fundi mkongwe. "Shangazi, likalie hili," alisema kwa sauti ileile tamu. "Ukiinuka, huna kazi."

Msichana akasimama.

"They lock this door," alisema. Kila siku wanaufunga. Kisha polepole, kama anayetunga uzi kwenye sindano, akaenda wakati uliopita: "Last week they locked it. There was smoke."

Cherehani zikanyamaza.

Msimamizi akacheka, akausukuma mlango kwa kidole. Ukafunguka wote, mwanga ukaingia. Akamweleza mgeni kwa Kiingereza kwamba binti huyu bado mwanafunzi, vitenzi vinamchanganya. Kisha akamgeukia msichana akitabasamu na kumwambia kwa Kiswahili akusanye vitu vyake, asionekane hapa tena.

Msichana hakukusanya kitu wala hakukaa.

"They locked it," alirudia, safari hii kwa sauti iliyofika hadi kwenye meza ya pasi.

Mgeni alimtazama yeye, akautazama mlango, kisha akamwinamia fundi mkongwe na kumshika bega.

"Shangazi," alisema kwa Kiswahili laini, "hebu simama kidogo."