Mtihani wa Yonan wa Nguzoni

Gurya aliteremka mlima mbio, mikono imejaa udongo mbichi, akapita katikati ya mizeituni bila kumsalimu mtu. Hilo hakuwahi kulifanya hata siku jiko lake liliposhika moto.

"Dada Shmuni! Wanataka kumshusha Yonan!"

Shmuni alikuwa uani akilipiga fimbo godoro la manyoya ya kondoo. Vumbi lilimfanya Gurya apige chafya tatu mfululizo.

"Nani wanataka?"

"Wale wazee wa monasteri. Wamelala kwangu, wamekula zeituni zangu, na asubuhi hii nimewasikia wakipanga. Ukuta wangu mwembamba, si kwamba nilitega sikio."

"Wewe utege sikio? Hata!" alisema Shmuni, akalipiga godoro tena.

Yonan, mdogo wake Shmuni, alikuwa ametimiza miaka kumi na moja akiishi juu ya nguzo ya mawe yenye kimo cha watu wanne, juani na thelujini. Alikuwa ameapa mbele ya altare kwamba hatashuka kamwe kwa hiari yake. Watu walitoka Antiokia na Edesa kuja kumtazama, na kila alilotamka liliandikwa. Majira ya baridi yaliyopita, theluji ilipomfika magotini, alipaza sauti, "Nimechoka!" Mahujaji wakaanguka kifudifudi wakilia: mtakatifu amechoka na dhambi za dunia. Siku nyingine aliuliza kama paka wa kwao bado yuko hai. Shemasi mmoja akahubiri juu ya paka huyo Jumapili tatu.

Gurya naye aliishi kwa nguzo hiyo. Alifinyanga vibonge vya udongo, akavipiga chapa ya sura ya Yonan, na hakuna hujaji aliyerudi kwao bila kimoja. Mke, binti watatu na punda mmoja mzee walikula kwa vibonge hivyo.

"Sikiliza, dada. Ni mtihani," alisema akihema. "Adhuhuri watamwamuru ashuke. Akitii, hata akinyanyua unyayo mmoja tu, watasema huyu ni mnyenyekevu kweli, wamwache huko huko mpaka afe. Akikataa, watasema ni kiburi kinachomkalisha juu. Hapo watamteremsha kwa kamba kama gunia la ngano!"

"Mpaka afe," Shmuni alirudia polepole.

"Mpaka afe! Raha iliyoje! Basi mwambie atii. Kikapu chake cha chakula unapeleka wewe, na kuandika unajua. Mimi hata jina langu silijui likiwa limesimama mbele yangu."

Shmuni aliiweka fimbo chini. Akaokota kigae cha mtungi uliovunjika, akachukua msumari, akakwaruza neno moja.

Gurya alikodoa macho. "Mbona fupi hivyo? Ongeza kidogo, dada. Mbembeleze."

"Kaka Gurya, anasoma kwenye upepo mkali. Fupi ndiyo inayofika." Lakini alifikiri kidogo, akaongeza maneno mengine mawili.

"Hapo sasa!" alisema Gurya, na kwa mkono wake mwenyewe akakizamisha kigae ndani ya bakuli la dengu, chini ya mkate.

Walipofika nguzoni, Yonan alikivuta kikapu juu kwa kamba. Alikula akiwa amewapa watawa mgongo. Kisha kikapu kikashuka, na wazee wakasogea, mbele yao Baba Basso mwenye ndevu zilizofika kiunoni.

"Yonan!" alipaza sauti. "Kwa amri ya mababa wote wa nyika, shuka!"

Gurya alifumba macho, akiomba aone unyayo mmoja tu ukinyanyuka. Akafumbua jicho moja.

"Sishuki!" Yonan alinguruma.

Mahujaji wakashika vichwa. Katika miaka yote ile hakuwahi kumkaripia hata njiwa aliyemchafua begani.

"Sishuki! Nani wewe, mwenye ndevu za beberu? Mimi ni mtakatifu kuliko nyinyi wote mkifungwa pamoja! Malaika wenyewe huja kuniomba ushauri!"

"Ni jua, Baba!" alilia Gurya, akimshika Basso kanzu. "Jua limempiga kichwani! Muulize tena, nakusihi!"

Basso alikuwa mtu wa haki. Akauliza tena.

"Nimesema sishuki! Na supu ya monasteri yenu ni maji ya kunawia miguu!"

Watawa wakashusha pumzi kwa uchungu. Basso, ambaye ndiye aliyeipika supu hiyo miaka ishirini, akawa mwekundu mpaka kwenye upara.

"Leteni kamba," alisema.

Vijana wawili wa monasteri wakapanda ngazi. Yonan aliendelea kuwatukana, huku ameinua mikono yote miwili ili kamba imzunguke vizuri. Mmoja alipokosea fundo, alimwelekeza. Wakamteremsha taratibu mbele ya umati uliokuwa ukilia, na Shmuni akapiga magoti kumvisha viatu vya ngozi, vipya, vilivyomkaa sawasawa.

Gurya alikaa chini kando ya kikapu. Vibonge mia mbili vilikuwa bado tanuruni, kila kimoja na Yonan juu ya nguzo yake. Ndani ya bakuli hapakubaki hata punje moja ya dengu, na kigae kilikuwa kimelambwa kikang'aa.

Akakichukua, akampelekea mtawa aliyekuwa amesimama karibu.

"Nisomee, ndugu yangu. Nijue tu ni wapi hakuelewa."

Mtawa alikigeuza kigae juani.

"'Kataa,'" akasoma. "'Godoro nimeshalianika.'"