Mistari Sita Kwenye Ukurasa wa Ndege

Mistari sita ilikuwa imerudi tena.

Hidaya aliihesabu kwa ncha ya kalamu juu ya kioo cha kompyuta, akaguna, akamgeukia Abeid aliyekaa pembeni yake. "Mwalimu, hii niliifuta juzi kwa mkono wangu."

Abeid akajibu kwamba hata yeye alimwona akiifuta. Alikuwa bado anahema. Kengele ya shule ilipolia tu, alirukia baiskeli na kuteremka kutoka Bigwa mpaka mjini bila kugusa breki.

Mwaka huo, 2004, wenye tovuti zao binafsi Morogoro mjini ungewahesabu kwa vidole. Abeid, mwalimu wa baiolojia, alikuwa mmoja wao. Kila wiki aliandika habari za ndege wa Milima ya Uluguru: nani kataga, nani kahama, nani anamwigiza mwenzake sauti. Hidaya, msimamizi wa kafe ya intaneti, ndiye aliyemfundisha kutengeneza ukurasa, herufi kwa herufi. Kafe yenyewe ilikuwa ya Mzee Fransisko. Kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilipobinafsishwa alipunguzwa, akatia kiinua mgongo chote kwenye kompyuta nane za mtumba, ndani ya chumba kilichokuwa zamani duka la ushirika.

Mistari ile wasomaji hawakuiona. Ilijificha chini kabisa, kwenye maandishi ya ndani ya ukurasa, ikimwandika kila aliyeingia: katokea wapi, saa ngapi, kakaa muda gani. Kisha ikapeleka taarifa hizo kwenye anwani ya barua pepe isiyo na jina la mtu, namba tupu.

Hidaya hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Aliufuta ukurasa wote, akaupandisha upya. Baada ya siku mbili mistari ikarudi. Akapekua kompyuta zote nane kutafuta kirusi, yeye na Abeid wamechuchumaa sakafuni kati ya nyaya, wakigongana vichwa na kuombana radhi. Ikarudi. Akaazima kitabu kinene kutoka kwa binamu yake anayesoma chuoni Mzumbe, wakakisoma pamoja sura nzima, kila mmoja kashika jalada la upande wake. Ikarudi.

Wateja nao wakanogewa. Muuza viatu mmoja aliapa kwamba ni Wazungu wanataka kuiba ndege. Mwanafunzi wa chuo akasema ni majasusi. Mama Juliana wa duka la pili alitoa kichwa mlangoni akatangaza kuwa majini ya mlimani sasa yamejifunza kompyuta. Abeid alicheka mpaka akashika mbavu, na Hidaya akacheka kwa kumwona anavyocheka. Jioni mwalimu aliupanda mwinuko wa Bigwa akisukuma baiskeli, huku akipiga mluzi wa kila ndege anayemjua. Watu wakampisha njia.

Aliyeacha kucheka ni Mzee Fransisko. Alhamisi ya wiki ya nne aliwaita wote wawili, akawaambia kwa upole uliotisha kwamba wateja wameanza kuogopa kufungua barua pepe zao humo ndani. Mistari hiyo ikionekana tena, ataleta fundi kutoka Dar, na Hidaya atarudi kwao Dumila akamsaidie mama yake kuuza nyanya barabarani.

Abeid alitoka nje, akashika baiskeli yake. Kisha akarudi, maana Hidaya alikuwa anamwita. Hidaya alimwagiza abadili neno la siri la tovuti saa ile ile na asimwambie mtu yeyote, hata yeye Hidaya. Hidaya akageukia ukutani asilione. Abeid akaliandika polepole, kwa kidole kimoja, masikio yakimwaka moto.

Ijumaa ukurasa ulikuwa safi. Hidaya aliukagua mara tatu, na kila mara Abeid alishusha pumzi kama aliyetua gunia la mkaa.

Jumamosi asubuhi alikuja amevaa shati lililopigwa pasi. Akamwamkia Mzee Fransisko, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti cha Hidaya. Hidaya akaufungua ukurasa, akashuka mpaka chini.

Mistari sita.

Abeid alishika meza. Waliokuwepo wanasema rangi ilimtoka kama mtu aliyekanyaga nyoka. Aliisoma mistari, akainama, akaisoma tena kwa karibu, midomo ikimcheza. Mzee Fransisko akavua miwani, akasema basi, yeye alishaonya, na namba ya fundi wa Dar anayo mfukoni.

"Mzee, usimfukuze," Abeid alisema. "Ni mimi."

Kafe nzima ikageuka. Hata waliokuwa wanalipia muda wao wakaacha kuandika.

"Niliiweka mimi. Mara ya kwanza nilitaka kujua kama Hidaya anasoma ninayoandika. Mara zile nyingine nilitaka tu tukae pamoja tukiitafuta." Akaonyesha kioo. "Lakini hii ya leo, wallahi, si yangu. Na hakuna mwingine anayejua neno la siri."

Mzee Fransisko alimtazama, akamtazama Hidaya, akavaa miwani yake taratibu. Akaenda kusimama mlangoni akiwapa mgongo, mabega yakimtikisika.

Hidaya alikuwa anaifuta mistari, mmoja mmoja, bila haraka.

"Hii ya leo ni yangu," alisema. "Neno la siri nililikisia mara moja tu. Nilijaribu jina langu."