Tofali la Nne

Tofali la tatu nalo lilipasuka motoni, na Siajabu akachutama kulichungulia. Alianza kwa kutaka kujenga tanuri la mikate. Sasa alitaka kujua tu. Udongo ni ule ule wa ufinyanzi, pumba za mpunga ametia, kivulini limekaa siku kumi. Kwa nini basi?

Macho yake yakatua kwenye chungu cha marehemu mama mkwe, kilichopikiwa miaka arobaini bila kutia ufa.

"Usithubutu," alisema wifi yake, Mize. "Ndicho pekee alichoniachia mama."

"Hiki kimeshaungua, wifi, hakisinyai tena. Tukikisaga tukachanganya na udongo mbichi, kitaushikilia usipasuke."

Mize alikipakata chungu, akakizungusha polepole. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete mchi. Kama ni kuvunjwa, kivunjwe na mwanawe."

Siku kumi baadaye, tofali la nne liliingia motoni, likawa jekundu kama kaa la moto. Mawifi walitega masikio. Hapakulia kitu. Lakini Mize alinusa, akanusa tena, akamshika Siajabu mkono. Pale penye udongo na makaa matupu, palinukia mchuzi wa mama.