Mnyororo wa Kufuatisha

Sheria ilipita Bungeni kwa makofi: mzee wa zamani aliyepigania watumwa waachiwe huru asimamishiwe sanamu uwanjani, mkononi ameshika mnyororo uliokatika. Mimi fundi nikapewa wiki tatu, rundo la udongo, na mfungwa wa kuukanyaga.

Mnyororo wangu wa udongo ulitoka kama kamba ya kufungia mbuzi.

"Unahangaika nini, fundi?" askari jela akacheka. Akachutama, akamfungua mfungwa miguu, akanitupia mnyororo mezani. "Fuatisha huu. Ni wa kweli."

Ulikuwa bado na joto.

Asubuhi nzima niliufinyanga pete kwa pete, hata zile pande zilizong'arishwa na ngozi ya mtu. Nyuma yangu mfungwa alikanyaga udongo kwa hatua ndefu, kama anayejifunza kutembea upya. Vifundo vyake vilikuwa na duara jeusi, gumu kama kwato.

"Umefanana kabisa," alisema. "Hongera, kaka."

Nilipomaliza nilibaki nimeushika ule wa kweli. Askari alikuwa kwenye simu, akanionyesha kwa kidole miguu ya mfungwa.

Mfungwa akafuta udongo miguuni, akauleta mguu mbele yangu.

"Anza na huu wa kushoto," akaniambia. "Kufuli lake huwa linakwama."